Mahali pa Kuanikia Michembe

Kijana mwenzangu, ukitaka kujua watu wa nyumbani kwenu wanakuchukuliaje, wewe simamisha bomba la chuma katikati ya uwanja wao. Utasikia yote. Mmoja atakuuliza kama hiyo ndiyo antena mpya ya kuonea mpira, mwingine atasema huyu mtoto sasa amezidi, na watoto wa jirani watapanga mstari kama kunguru wakingoja kuona kutatokea nini. Mimi nimepita huko, siyo siri. Naandika haya kwa ajili yenu mlio na hamu ya kuwa na kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani, na pia kwa nyinyi ambao hamna hamu hiyo hata kidogo, lakini mnapenda kuona jinsi jambo dogo linavyoweza kuuchokonoa ukoo mzima.

Naishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye kiwanja cha Bibi, mama mzaa baba. Mjini naenda kila siku kwa baiskeli kutafuta riziki, jioni narudi. Waliosoma historia wanalijua jina la Kwihara: ndipo ilipo ile tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, tangu Stanley alipomwacha mwezi Machi mpaka Agosti, akingojea wapagazi kutoka pwani. Kabla yao, Novemba 1857, Burton na Speke walikuwa wameshafika Kaze, ndiyo Tabora yetu ya leo, katika njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Nao walikuja na vyombo vya kupimia, na waliovibeba mabegani ni babu zetu. Kwa hiyo kuja na kipimajoto Unyanyembe siyo jambo la leo wala la jana. Ila wale walipima wakaenda zao. Sisi tupo hapa hapa na mvua yetu.

Na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba, au Oktoba mwishoni ikiwa na huruma, ikaisha Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na moshi wa misitu ya miombo mpaka mwezi wa kumi, wakati joto linapokuwa kali hata mbuzi wanagombea kivuli. Mkulima anayo nafasi moja kwa mwaka. Akipanda kwa mvua ya kwanza, kisha mbingu zikafunga wiki mbili, mbegu imekwenda, na mbegu siku hizi inanunuliwa. Akichelewa, mahindi yanakutwa na kiangazi yakiwa bado hayajakomaa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausikia redioni na tunauheshimu, lakini utabiri unazungumza na mkoa mzima. Mara ngapi nimetoka Ng'ambo nimelowa chapachapa, nafika Kwihara nakuta Bibi anafagia vumbi?

Basi nikadunduliza mwaka mzima, nikanunua kituo. Siyo cha kutisha: kipimamvua, kipimajoto pamoja na cha unyevu wa hewa, kipimaupepo chenye vikombe vitatu na mkia wa kuonyesha mwelekeo, na kioo cha kusomea ndani ya nyumba. Vinaongea kwa mawimbi ya redio, havina waya. Hapa nitoe ushauri wa kwanza. Vituo vingi vya bei nafuu vimefungwa kila kitu kwenye kichwa kimoja. Hapo una tatizo, maana upepo unataka kupimwa juu na joto linataka kupimwa chini, na kichwa ni kimoja. Ukiweza, tafuta ambacho vyombo vyake vinatenganishwa.

Kanuni zenyewe hazina siri, ndizo zinazofuatwa na wataalamu duniani kote. Kipimajoto kikae kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi, mbali na ukuta, na jua lisikiguse. Kipimaupepo kikae mita 10 juu, mahali palipo wazi, na kila kizuizi kiwe mbali mara kumi ya urefu wake. Kipimamvua kikae mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Ukipata mara nne ni bora zaidi. Ukizisoma harakaharaka unaona rahisi. Sasa toka nje na futi mkononi uangalie kiwanja chenu. Nani ana uwanja wa namna hiyo, jamani? Labda uwanja wa ndege!

Kwetu kizuizi kikubwa ni mwembe. Tabora bila mwembe si Tabora. Hata njia ya misafara unaweza kuibahatisha kwa kufuata miembe mikongwe. Huu wetu aliupanda Babu. Nikaupima kwa kivuli, kama tulivyofundishwa shuleni: fimbo ya mita moja ilitoa kivuli cha sentimita 60, na mwembe ukatoa kivuli cha mita 6.6. Gawanya, unapata mita 11. Maana yake kipimamvua kinatakiwa kiwe mita 22 kutoka kwenye mti, au zaidi. Nikaanza kuzunguka. Upande wa kusini ni nyumba ya bati. Upande wa kaskazini kuna jabali kubwa, na jabali likishaokwa na jua mchana linatoa joto mpaka usiku, halifai kwa kipimajoto. Nyuma ni choo na ukuta wa jirani. Kila nilipogeuka, mwembe upo.

Binamu yangu aliyekuja kunisaidia akasema kwa sauti kile ambacho mafundi wote husema: "Ukate tu, mshikaji." Bibi alikuwa amekaa barazani anapukuchua mahindi. Hakuinua hata kichwa.

"Huo mti umelisha watoto saba. Hizo namba zako zimelisha wangapi?"

Binamu akanyamaza. Mimi pia. Na ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kuukata, maana chini yake ndipo msiba unapokaa, ndipo harusi inapokaa, na ndipo Babu alipokuwa akinyolewa. Lakini swali la Bibi lilinibana kwa namna nyingine. Hizo namba ni za nani? Nikaelewa kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kituo kabla ya kujua kituo chenyewe kinajibu swali la nani. Kama swali ni la rubani, weka upepo mbele. Kama ni la mtu wa sola, weka jua mbele. Swali la nyumba yetu ni moja, na linaulizwa kila Novemba: mvua ya jana imetosha kupanda? Basi mvua ichague kwanza. Upepo utachukua kitakachobaki.

Ndipo nikaanza kuutazama uwanja kwa macho ya Bibi. Upande wa mashariki, mbele ya bustani ya matembele, kuna sehemu iliyofagiliwa ambapo kila mwaka baada ya mavuno Bibi huanika michembe. Kwa wasomaji wa pwani: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vinatunzwa mpaka wakati wa njaa, na huku kwetu ni chakula na ni fedha. Nikapima kutoka kwenye mwembe: mita 24. Kutoka kwenye nyumba: zaidi ya 15. Choo kiko mbali. Jua linaingia asubuhi, linatoka jioni. Kumbe Bibi alishafanya kazi ya wataalamu kabla sijazaliwa, kwa kuangalia viazi vyake vinakauka wapi upesi!

Nikamwendea kwa adabu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Leo unaamkia mara mbili, una shida gani?"

"Naomba kona ya uwanja wako wa kuanikia. Ile ya karibu na majani."

"Na michembe yangu niianike juu ya kichwa chako?"

"Kona tu, Bibi. Nafasi ya mkeka mmoja."

Akafikiri. Kisha akasema, "Babu yako alitaka kujenga banda la mbuzi hapo, nikamkatalia. Hapo kivuli hakifiki, masika wala kiangazi. Nitakupa nafasi ya mkeka mmoja. Lakini kila asubuhi uniambie hilo kopo limesema nini, na useme kwa lugha ninayoielewa. Sitaki milimita."

Siyo mchezo. Sharti hilo lilinishughulisha kuliko kuchimba shimo. Nikakaa na daftari. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Mkeka wa Bibi una urefu wa mita mbili na upana wa mita moja. Ukimwaga ndoo ya lita 20 juu ya mkeka huo bila tone kutoroka, umepata milimita 10. Basi tukawa na kipimo cha nyumbani: ndoo kwa mkeka. Milimita 10, ndoo moja. Milimita 25, ndoo mbili na nusu.

Sasa nije kwenye ufundi. Nguzo ya mti usithubutu. Mchwa wa Tabora wataila msimu mmoja, asubuhi moja utakuta kipimamvua kimelala chali. Nilitumia bomba fupi la chuma, nikalisimika kwenye zege, kipimamvua kikakaa mita moja juu ya ardhi. Ukikipandisha sana, upepo unayapitisha matone juu ya mdomo wake na unapata mvua pungufu. Ukikishusha sana, matone yanayoruka kutoka ardhini yanaingia ndani. Weka pimamaji juu ya mdomo wake kabla zege halijakauka, maana ndani yake kuna kijiko kinachopinduka kila kikijaa, na kituo kinahesabu mapinduko. Kikiinama kidogo tu, hesabu yote imeharibika. Kuku nao wanapenda sana kutua pale juu, we acha tu. Nikazungusha vijiti vya waya kwenye ukingo, vikichomoza juu. Tangu hapo wanatua kwingine.

Kipimajoto nilikipeleka hatua sita zaidi, kwenye majani, mita moja na nusu juu. Kiko ndani ya sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine, upepo upite na jua lisipenye. Hapa nyinyi wapenzi wa riwaya mtafurahi. Baba wa sahani hizo ni kisanduku cheupe cha mbao chenye mapengo ubavuni kama dirisha la luva, mnachoweza kukiona kwenye vituo vya hali ya hewa. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa kule Scotland, na mtoto wake ni Robert Louis Stevenson, yule yule wa Treasure Island, inayojulikana kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Baba alitafuta namna ya kuipa hewa kivuli, mtoto akawapa watu maharamia. Kila mtu na kipaji chake.

Upepo ukachukua kilichobaki. Bomba la mita 10 lilinishinda bei, na fundi wa kuchomelea alinishauri vizuri: mita 6, nyaya tatu za kulishikilia zilizogawanywa sawasawa pande tatu, na waya wa ethi mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini, kwa sababu radi ya huku haina mzaha. Nililiweka mbali na mlango na mbali na mahali watoto wanapocheza. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki, na upande huo pako wazi, ni shamba tupu. Mwembe uko magharibi. Upepo ukigeuka kutoka huko, kipimo kinapungua, na hilo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na ramani ya uwanja, urefu wa kila nguzo na tarehe niliyoisimika. Namba isiyosema imepimwa wapi ni kama hadithi isiyojua inasimuliwa na nani.

Mambo mawili hayamo kwenye karatasi ya maelekezo, au yamo kwa ajili ya watu wengine. La kwanza ni jua. Karatasi yangu iliniambia nielekeze paneli ya sola kusini. Hiyo ni kwa Ulaya. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua la mchana linapita kaskazini yetu kuanzia Machi mwanzoni mpaka Oktoba mwanzoni, kisha linahamia kusini. Paneli yangu nimeilaza karibu sambamba, imeinamia kaskazini kidogo tu. La pili ni kanieneo ya hewa. Tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na chombo kinasoma kiasi cha 880 wakati pwani kinasoma zaidi ya 1,000. Hakijaharibika! Kiandikie kimo cha mahali penu nacho kitarekebisha. Ni kwa sababu hiyo hiyo maji ya chai hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na wale wasafiri wa karne ya 19 walijua kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kutumbukiza kipimajoto. Kila anayepika maharage Tabora analipia kimo hicho kwa mkaa.

Na kabla ya kusimamisha chochote, pita kwenye ofisi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sheria ya mwaka 2019 imewapa kazi ya kusimamia huduma hizi nchini. Waulize utaratibu wao, ujue mapema.

Kuna jambo moja ambalo hakuna fundi atakayekuambia. Desemba mbingu zilifunga. Siku tisa, hata wingu la kudanganya hakuna. Siku ya kumi mzee mmoja jirani alikuja, akasimama mbali na bomba kama anayeogopa kuumwa.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Hiki kitu kinaita mvua au kinafukuza?"

Msicheke. Zamani Unyamwezini mvua ilikuwa juu ya mtemi, na ilipokosekana macho ya watu yalimgeukia yeye. Sasa mtemi hayupo, na bomba linalong'aa lipo. Mzee alikuwa na ekari tatu za mahindi zinazosinyaa na watoto wa kulisha; alikuwa na haki ya kuuliza. Ningekuwa nimeficha kituo nyuma ya ukuta, jibu lake angelitunga mwenyewe, na jibu hilo lingetembea kijiji kizima. Lakini kiko mbele, uwanjani, hakina mlango. Nilimfungulia kipimamvua akaona kijiko. Nilimwagia maji kwa kikombe akahesabu mapinduko mwenyewe. Kisha nikampa kopo tupu la maziwa, lenye ubavu ulionyooka kuanzia juu mpaka chini, na rula ya shule. "Liweke kwako, baba, mbali na miti. Mvua ikinyesha, pima kina cha maji saa 3 asubuhi, kabla jua halijayanywa. Milimita za rula ndizo milimita za mvua." Hiki ndicho kituo cha bei rahisi kuliko vyote, na kama huna fedha, kijana mwenzangu, anza nacho leo.

Alilichukua. Siku nne baadaye mvua ilirudi, na asubuhi alikuja na daftari la mjukuu wake. Kwake milimita 18, kwetu 13, na kati yetu ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Hakuna kati yetu aliyekosea. Kila chombo kilisema kweli ya mahali pake.

Niwaeleze pia lile la Novemba, maana ndilo lililoniweka kwenye kazi hii. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi nilisoma, nikamwambia Bibi, "Ndoo moja na kidogo." Bibi hakunijibu. Alichukua jembe, akaenda shambani, akapiga mara moja, akapanua udongo kwa vidole. Unyevu ulikuwa umefika nusu ya jembe, chini yake ni vumbi kavu. "Bado," akasema. Majirani kadhaa walipanda siku hiyo. Yeye alikaa. Siku ya sita ikaja ndoo mbili na nusu kwa usiku mmoja; akapiga jembe, unyevu ukazidi jembe zima. Saa hiyo hiyo akaniambia nisiende mjini, nishike mbegu.

Tangu hapo daftari lina safu mbili. Moja ni ndoo, nyingine ni jembe, na Bibi ndiye anayenitajia ya pili. Anasema miaka mingi ameipima mvua kwa namna hiyo na hakuwahi kuona sababu ya kuandika, kwa kuwa jembe lilikuwa lake na kumbukumbu ilikuwa yake. Sasa macho yanapungua. Juzi aliniomba nimwangalizie mimi udongo umelowa mpaka wapi, kitu ambacho hajawahi kumwomba mtu. Misimu michache ikijaa kwenye daftari hili, nataka mtu yeyote wa nyumba hii aweze kujua, kwa udongo wetu huu, ndoo ngapi zinatosha jembe zima.

Binamu yangu anataka tuongeze chombo cha kupima unyevu wa udongo wenyewe, tukifukie shambani. Nimeshampelekea Bibi ombi. Amesema tuchague mahali popote tunapotaka, isipokuwa kule magharibi, huko amekwisha kuweka alama za karanga.